Marahaba Iliyochelewa

Mpira uliooza una harufu yake, iko baina ya lami na siki, na ukishaijua huisahau. Juzi jirani yangu aliniletea redio kaseti ya marehemu mumewe, iliyokaa kabatini tangu watoto wao wangali wadogo, akaniuliza kama bado ina uhai. Nilipofungua kifuniko cha nyuma nikakuta mkanda wa ndani umeyeyuka, umekuwa uji mweusi ulioshika vidole vyangu kama asali. Sabuni haiutoi. Hutoka kwa spiriti, tena kwa subira. Nikaweka bisibisi chini, nikakaa kitako.

Kazi hii naifanya nyumbani kwangu hapa Ibra, Omani, pembeni mwa chumba cha kulia, na hakuna chuo nilichosomea. Vitu vingi vimepita mezani pangu: redio, feni, mashine za kusagia nyama, televisheni za chogo ambazo wenyewe wameshindwa kuzitupa. Nimevifungua vyote kwa utulivu. Lakini harufu ile hunirudisha kwenye mashine ya kwanza niliyoifungua, nilipokuwa sijafika hata kifuani kwa Mama, na kwenye wiki ambayo nyumba yetu nzima ilikuwa ikimlilia mtu aliye hai.

Mashine ilikuwa ya Bibi, mzaa baba. Ilikaa kwenye rafu ya dirisha la magharibi, imefunikwa kitambaa cha kufuma alichokuja nacho kutoka Unguja. Jua la alasiri liliipiga kiangazi chote, na kiangazi chetu mnakijua. Hakuna aliyeona ubaya, kwani pale ndipo ilipopendeza, mgeni akiingia anaiona. Habari na nyimbo tulizisikiliza kwa redio ndogo ya jikoni. Ile ya dirishani Bibi aliiwekea kazi moja tu: sauti ya Bi Zuwena, mdogo wake, aliyebaki Unguja wengine walipovuka kuja Omani.

Wasomaji wa umri wangu mtakumbuka kaseti za salamu. Bibi na mdogo wake walifundishwa kuisoma Kurani vizuri sana, lakini kalamu hakuna aliyewapa, kwa hiyo barua zao zilikuwa za mdomo. Kaseti ilikuwa moja, inakwenda na kurudi mkononi mwa wasafiri. Bi Zuwena akisema, sisi tunamsikiliza mpaka tunatosheka, kisha tunarekodi jibu juu ya maneno yake. Naye alifanya hivyo hivyo kwetu. Kila jibu lilifuta sauti iliyotangulia, na hakuna aliyesikitika, kwa sababu nyingine ilikuwa njiani.

Ilifika ndani ya bati la biskuti, imefukiwa katikati ya visheti. Mimi niliamini kwamba visheti ndivyo vilivyoihifadhi sauti. Kaseti ilinukia hiliki, na nilipoiweka puani niliona wazi kabisa kuwa maneno ya mtu yakisafiri baharini bila ya sukari na hiliki yataharibika. Sikumuuliza mtu. Jambo lililo wazi haliulizwi.

Na kulikuwa na adabu yake ya kusikiliza. Bi Zuwena alimwita kila mtu kwa jina, kisha akaacha nafasi ya kujibiwa. "Yuko wapi mjukuu wangu mdogo? Hebu niamkie." Akanyamaza. Mimi nikasimama mbele ya mashine, mikono imeshikana, nikasema, "Shikamoo, Bibi." Na papo hapo, kama aliyeko chumba cha pili, "Marahaba, mwanangu! Hujambo?" Alikuwa na sauti kali, ya haraka, yenye kuwahi. Nafasi aliyoiacha ilinitosha kama viatu vipya. Kwa miaka niliamini ananisikia.

Kaseti ninayoisimulia iliingia mwisho wa kiangazi, kiangazi kibaya kuliko vyote. Tulikaa wote: Bibi, Mama, shangazi yangu Raya ambaye alikuwa bado hajaolewa, na Ami Seif, mdogo wake Baba, aliyekuwa dereva wa gari la maji. Baba mwenyewe alikuwa kazini mjini Sur. Nilibonyeza kitufe, kwani kubonyeza ilikuwa kazi yangu.

"Bismillahi" ilitoka ndefu, nzito, ikijikokota kama mtu anayeinuka kitandani kwa kuegemea ukuta. Sauti ilikaribia kuwa ya kiume.

"Bi Zuwena leo kala nini?" Raya akacheka. "Au kamwachia mumewe aseme?"

"Mumewe kafa zamani, we mpumbavu," Bibi alisema, wala hakumtazama.

Salamu zikaenda, mmoja baada ya mwingine, polepole mno. Ikafika zamu yangu. "Heeebu niaaamkie." Nikasimama, nikasema, "Shikamoo, Bibi," nikangoja. Kimya. Nikamgeukia Mama. Kimya bado kipo.

"Sema tena, hakusikia," Raya alininong'oneza, na safari hii hakuwa anatania.

Nikasema tena, kwa sauti kubwa, na katikati ya shikamoo yangu ya pili marahaba ikafika, imechoka, kila kipande chake kikiburuzwa peke yake. Bibi akaweka kiganja mdomoni.

Yaliyofuata yalitutisha zaidi. Bi Zuwena, kwa ile sauti ya chini ya kisima, alimwuliza dada yake, "Kaseti yenu ya mwisho imenitia wasiwasi. Nyote mlikuwa mkisema mbiombio, vijisauti vyembamba kama vifaranga. Wewe nilidhani mtoto. Nani kakutisheni huko?"

Mashine ikanyamaza. Hakuna aliyenyoosha mkono kuizima.

"Mie nilisema polepole," Bibi alisema. "Seif, sikusema polepole?"

"Ulisema polepole, Mama. Sote tulisema polepole."

"Basi ni kiharusi. Kimemshika ulimi, na sasa kimepanda kichwani." Alisema hivyo kwa utulivu, kama anayesoma jambo lililoandikwa ukutani, kisha akajifunika uso kwa mtandio wake.

Ami Seif hakuwa mtu wa kukubali jambo bila kulishika. Kitu cha kwanza alisema betri, maana kila mtu anajua betri zikichoka sauti hulegea. Akazitoa, akachomeka waya ukutani. Bi Zuwena akabaki vile vile. Ndipo akafanya jaribio ambalo mpaka leo naliheshimu. Aligeuza kaseti upande wa pili, ambao ulikuwa mtupu, akabonyeza kurekodi, akahesabu kwa sauti yake: moja, mbili, tatu, mpaka kumi. Akarudisha nyuma. Akasikiliza. Sauti ikatoka ni yake hasa, ya kawaida, na mwendo wake wa kawaida.

"Mashine nzima," alisema, akaikunja waya taratibu. "Mgonjwa ni mtu."

Hapo pakaisha. Bibi akatoa amri. Bwana mmoja wa Nizwa alikuwa akisafiri Unguja Jumamosi, naye angechukua kaseti. Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, sote tutakusanyika, na kila mmoja amtake radhi Bi Zuwena kwa mdomo wake, amsamehe na aombe kusamehewa, kabla hajatangulia. "Mtu asife na deni la kifua," alisema Bibi. Tokea siku ile akaacha kula chochote isipokuwa tende na kahawa.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu mengine. Kifuniko cha bati safari ile hakikukaza, na visheti vilikuwa vimelainika kwa unyevu, ukiviuma vinainama badala ya kuvunjika. Nilidhani sauti nayo imelainika hivyo hivyo. Nikamwomba Mama ruhusa niianike kaseti juani.

"Ianike," alisema Raya. "Ikikauka tuipige pasi."

Mama alinikataza, alhamdulillahi. Lakini wazo lile la kitoto lilinifaa kwa jambo moja: mimi peke yangu katika nyumba ile niliendelea kuamini kuwa kilichoharibika ni kitu, wala si mtu.

Kila mchana Bibi alilala kwenye mkeka chini ya feni, akaniambia nimwekee Zuwena. Yeye alisikiliza maneno. Mimi maneno nilikuwa nimeshayajua yote kwa moyo, kwa hiyo masikio yangu yakaanza kutembea nyuma yake, katika ua wa nyumba ya Unguja ambayo sikuwahi kuiona. Niliwasikia watu wakipita. Nikasikia mfuniko wa sufuria ukianguka, lakini ulianguka kwa uvivu, mlio wake ukajivuta chini ukapotea. Na nyuma kabisa, mara mbili, nikasikia mnyama. Alilia kwa uchungu, kama ng'ombe anayetaka kuzaa. Siku ya kwanza nilisema ni ng'ombe. Siku ya pili nilisikia mpangilio wa kilio chake: kifupi, kifupi, kirefu kinachopanda halafu kinavunjika.

"Bibi," nilisema, "jogoo wa Bi Zuwena naye ana kiharusi?"

Bibi alifungua jicho moja. "Toka mbele yangu."

Nikatoka, nikaenda kwa Ami Seif. Alikuwa amelala chini ya gari lake la maji, miguu tu ndiyo inayoonekana.

"Shikamoo, Ami. Jogoo anawika polepole."

"Marahaba. Jogoo gani?"

"Wa kwenye kaseti. Anawika kama ng'ombe."

"Labda ng'ombe."

"Anawika kijogoo, Ami, lakini kwa sauti ya ng'ombe. Na sufuria inaanguka kama imelala usingizi."

Miguu ikatulia. Akajivuta nje, uso umejaa mafuta, akakaa na kuegemea gurudumu. Hakunicheka. "Haya, nisikilize. Jogoo wako anasema mashine mbovu. Namba zangu zinasema mashine nzima. Mmoja wao mwongo. Nipe sababu ya kuziacha namba zangu, wallahi nitaziacha."

Nilirudi ndani nimenuna, nikiwa na vitu viwili vya kweli mkononi visivyokubali kukaa pamoja. Wengi wetu tukifika hapo tunachagua kile kinachosemwa na mkubwa. Nami ningefanya hivyo, lau si soko.

Mama alikuwa mshonaji. Kila Jumatano alikwenda na nguo zake kwenye soko la wanawake, nami nikimbebea mfuko siku nisizokuwa na skuli. Jumatano ile alikuja mama mmoja amekasirika, gauni mkononi. Lilikuwa la bintiye aliyeolewa Nizwa, na vipimo alivileta kutoka kwa mshonaji wa huko huko. Gauni lilitoka pana. "Mwanangu anaelea ndani yake," alilalamika kwa Kiarabu. "Umeshona hema!"

Mama alistaajabu. Nguo zote alizopima mwenyewe zilikuwa zikikaa sawasawa, hakuna aliyewahi kulalamika. Mwishowe akaazima futi mpya ya kupimia ya mwuzaji wa pembeni, akailaza ubavuni mwa ile yake ya kitambaa aliyokuwa nayo tangu kabla sijazaliwa. Yake ilizidi kwa upana wa vidole viwili. Ilikuwa imevutika kwa kutumiwa.

"Kumbe!" Mama alisema, akacheka peke yake. "Nikipima kwa hii na nikakata kwa hii, kosa linajifuta lenyewe. Naona sawa kila siku. Akipima mwengine kwa futi yake ndipo naumbuka."

Nakumbuka mahali niliposimama. Nakumbuka gauni lile la kijani lilivyokuwa zito mikononi mwangu, na kelele za soko zilivyosogea mbali. "Mama," nilisema, "Ami Seif kapima na kukata kwa futi moja."

"Kapima nini?"

"Sauti yake. Kairekodi kwa mashine ile ile, kaisikiliza kwa mashine ile ile. Kama mashine inakwenda polepole, imemrekodi polepole na imemtoa polepole. Itatoka sawa tu. Bi Zuwena kapimwa kwa futi nyingine, huko kwao."

Nikaendelea, kwa sababu sasa mambo yalikuwa yakija yenyewe, moja linalivuta jingine. "Na sisi tulimpelekea kipimo chetu. Tulirekodi kwa futi hii mbovu, yeye akatusikiliza kwa nzima. Ndiyo maana kasema tulikuwa kama vifaranga. Hakuchanganyikiwa, Mama. Alisikia kweli."

Mama alikunja futi yake ya zamani, akaitia mfukoni badala ya kuitupa. "Twende nyumbani," alisema.

Ningependa kusema kwamba nyumbani walitushangilia. Ami Seif alikuwa ameshaondoka na gari lake kwenda Jalan, harudi mpaka Ijumaa. Bibi alimsikiliza Mama mpaka mwisho, kisha akasema, "Leo mnaniletea futi, jana mliniletea kuku. Msiuchezee msiba wangu." Mama akaomba basi kaseti ipelekwe kwa jirani, ijaribiwe kwenye mashine yao. Bibi akaruka. Sauti ya mdogo wake akiwa katika hali ile isikilizwe na watu wa nje? Haitoki. Na Ijumaa mambo yatakuwa kama alivyosema.

Sasa nilijua kitu ambacho wengine hawakujua, na kilinikosesha raha. Tukirekodi, tutafuta sauti ya Bi Zuwena, na Bibi hatapata kuisikia ilivyo. Tena kaseti ikifika, mwanamke mzima wa afya, ameketi barazani kwake, atasikia jamaa zake wote wakimuaga kwa ajili ya kifo, kwa sauti za vifaranga. Huyo ndiye ambaye angepata kiharusi.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana, Bibi alijinyoosha na usingizi ukamchukua. Mama aliingia chumbani akanipa bisibisi ndogo ya cherehani yake. "Chomoa waya kwanza, zirudishe betri," alisema. Akafika mlangoni, akageuka. "Ukiivunja, mie sikukuona."

Niliilaza mashine kifudifudi juu ya shuka nyeupe, kitu kikidondoka nikione. Skrubu nilizipanga kwa namna zilivyokuwa mgongoni mwake, kila moja mahali pake, umbo la mashine nyingine kando ya mashine. Hakuna aliyenifundisha hilo. Niliiga Mama anavyopanga vipande vya gauni kabla ya kuviunga. Kifuniko kilipoachia, vumbi la kiangazi chote likanipanda puani, pamoja na ile harufu.

Nilitarajia mambo nisiyoyajua. Nikakuta cherehani. Wallahi, nilikuta cherehani ndogo imelala ubavu: mota yenye kigurudumu cha shaba, gurudumu kubwa zito, na baina yao mkanda mwembamba wa mpira. Nikabonyeza kitufe nikitazama. Kigurudumu kilizunguka kwa bidii, lakini mkanda ulikuwa umelegea, ukiteleza juu yake, na gurudumu kubwa likazunguka kwa uvivu wa mtu aliyeamshwa. Mara ngapi nilimwona Mama akikanyaga cherehani yake kwa nguvu na sindano isiende, akasema, "Mkanda umelegea," akaukata kipande, akauunga? Jua la dirishani lilikuwa limeufanyia mkanda wa Bibi lile ambalo miaka iliifanyia futi ya Mama.

Mkanda ule haukuwa wa kukata wala kuunga, ulikuwa mwembamba kama tambi. Lakini mpira niliujua. Kabla ya kuutia mpira wa kiunoni katika suruali, Mama huuchovya kwenye maji ya moto ujikaze. Nikachukua maji ya birika la chai yaliyokuwa yakichemka, nikayatia kikombeni, nikauangusha mkanda ndani. Wakati unaiva nilifuta yale magurudumu kwa pamba na manukato ya Raya, kwani niliona yanavyokauka haraka mkononi mwake.

"Wee!" Raya alisimama mlangoni. "Umelipasua tumbo la Bi Zuwena! Na hayo manukato yangu?"

"Polepole, shangazi, Bibi kalala."

"Na hicho unachokipika ni nini?"

"Mkanda."

Alikuja akachungulia kikombe, akaniangalia, akachungulia tena. Nilingoja kutukanwa. "Utie chumvi?" aliuliza, akakaa chini karibu yangu kunishikia taa ya mkononi.

Mkanda ulitoka umenywea. Ulipoingia kwenye magurudumu, uliingia kwa kugoma, nami nikafurahia kugomewa. Nikabonyeza. Gurudumu kubwa likaruka. Hatukuwa na muda wa kujaribu kaseti, wala kaseti hatukuwa nayo, ilikuwa imefungwa katika leso ya Bibi chini ya mto wake. Adhana ikaanza nikiwa bado narudisha skrubu. Moja haikuonekana. Raya alikuwa ameikalia, baadaye tukaikuta.

Bibi aliingia chumbani na nguo zake nyeupe za sala. Ami Seif alikuwa amefika, amenawa, kofia kichwani, ameinamisha uso. Mama alikaa karibu na mlango. Bibi alifungua leso, akanipa kaseti kwa mikono miwili. "Weka, mwanangu. Bonyeza ya kurekodi, nianze mie."

Niliiweka. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. "Bibi," nilisema, "tukirekodi atafutika. Naomba tumsikie mara moja tu kabla hatujamfuta."

Hakuna moyo ambao ungeweza kulikataa hilo. Aliitikia kwa kichwa, akafumba macho, akajikaza kama mtu anayesubiri sindano. Nikarudisha mwanzo. Nikabonyeza.

"Bismillahi-rrahmani-rrahimi, assalaam aleikum, dada, mie Zuwena, msiniambie hamjakaa, kaeni!"

Ilitoka kali, ya haraka, yenye kuwahi, kama mlango uliofunguliwa kwa teke. Bibi alifumbua macho. Ami Seif akasimama bila kujua kuwa amesimama. Salamu zikapigwa mbio, za Mama, za Raya, za Seif aliyeambiwa aoe. Mfuniko wa sufuria ukaanguka kwa kishindo, Bi Zuwena akamgombeza mtu kando, na nyuma yake jogoo, jogoo hasa, akawika mpaka Raya akapiga kigelegele.

"Yuko wapi mjukuu wangu mdogo? Hebu niamkie."

"Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba, mwanangu! Hujambo?"

Sikuweza kumjibu kuwa sijambo. Ami Seif alikuwa ameninyanyua juu. Na Bi Zuwena alipofika pale pa vifaranga, akiuliza nani katutisha, Ami aliniweka chini taratibu, akapiga magoti mbele yangu na kunishika mabega. "Sababu," alisema. "Umeipata?"

Nikamweleza habari ya futi. Nilimwona akiifuata hatua kwa hatua, midomo yake ikirudia moja, mbili, tatu, mpaka akafika. Akacheka hadi kofia ikamdondoka. "Namba zangu ndizo zilizokuwa zikisema uongo," alisema. "Tena kwa sauti yangu mwenyewe!" Hakuna ushindi niliowahi kupata tangu siku ile, katika mashine zote, uliokuwa mtamu kama kumwona mtu mzima akifurahia kukosea. Mpaka leo, chombo kikinijia na mwenyewe akaniapia kuwa amekijaribu na ni kizima, namwuliza kwanza alikijaribu kwa kutumia nini. Kosa likiwa ndani ya kipimo, kila unachokipima kitakuapia kuwa kiko sawa.

Bibi machozi yalimshuka akiwa anatabasamu, na alikuwa amechukua kisheti kutoka kwenye sahani, anakitafuna. Alinivuta nikae mapajani mwake ingawa nilishakuwa mkubwa kwa hilo. Alimsikiliza mdogo wake mpaka mwisho, akamjibu kila mahali palipoachiwa jibu, akamgombeza mara kadhaa. Halafu akajifuta uso kwa mtandio, akakaa sawasawa.

"Haya," aliniambia. "Rekodi."

Nikabonyeza. Bibi alisogea karibu na mashine kuliko kawaida yake.

"Zuwena. Assalaam aleikum. Wiki hii nzima hapa kwetu ulikuwa mahututi, na wewe huna habari. Nimekulilia, nimejinyima kula, nimekusamehe yote, mpaka lile birika la shaba la marehemu mama ulilolichukua siku ya arubaini ukasema umeliazima. Leo mtoto huyu kakuponya kwa kikombe cha maji ya moto." Akavuta pumzi. "Na kwa kuwa u mzima, birika nalitaka."

Akanigeukia. "Inazunguka?"

"Inazunguka, Bibi. Mbio."

"Basi nalisema tena, asije akasingizia mashine. Zuwena, birika nalitaka."